Kahawa Aliyoachiwa Mtoto

Asubuhi niliyoondoka Kibiti sikuwa na safari. Nilitoka nje kunawa uso, nikaona lori limesimama mbele ya gereji na utingo anagonga matairi kwa nyundo. Nikamuuliza linakwenda wapi. "Kusini," akasema bila kuinua kichwa. Nikarudi ndani, nikachukua shati la pili, nikapanda. Sikumuaga mwenye gereji aliyekuwa akinilaza kwake. Tangu niache shule darasa la tano nilikuwa nikihama hivyo hivyo, na watu walionipa kazi walijua kwamba siku moja wataamka wakute mkeka mtupu.

Ndundu, kwenye kivuko cha mto, tulikuta pantoni mbovu. Malori yalikuwa kwenye foleni, madereva wamelala chini ya magari yao kama watu waliokwisha kuzoea. Mimi kungoja sikuweza. Nikavuka kwa mtumbwi pamoja na wanawake waliobeba kuku, nikashika njia ya bondeni pasipo kuuliza inafika wapi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa yakiuza kiberiti na chumvi kwa kujificha sasa yalikuwa yamejaa sabuni, betri na biskuti za rangi. Mpunga nao mtu aliweza kumuuzia mfanyabiashara yeyote aliyefika na mizani yake, badala ya kuungoja ushirika. Watu walifurahi, lakini walifurahi kwa jicho la pembeni. Sabuni ikiwasha ngozi, walisema imeletwa ituwashe. Biskuti ikiwa laini, walisema imeoza huko ilikotoka, ndiyo maana tumeletewa sisi.

Nilikuwa napita kando ya shamba la mpunga nikasikia sauti juu ya kichwa changu. "Weye unatafuta nini kwenye mpunga wangu?"

Mtu alikuwa amekaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu ambacho watu wa bonde hujenga juu ya mpunga wapate kuulinda, na wakati wa mafuriko huishi humo humo.

"Natafuta kazi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kazi gani?"

"Yoyote."

"Yoyote? Basi hujui hata moja. Kupiga kelele unajua?"

"Hiyo najua."

"Panda."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kuamia ndege, kuwafukuza wasiumalize mpunga uliokuwa unaiva. Malipo yangu yalikuwa chakula na pa kulala. Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye mikono isiyotulia. Akikaa alikuwa anavunja vijiti. Akizungumza alikuwa anafunga na kufungua kamba ya dungu. Alijisifu kwamba siku hizi usingizi haumsumbui, kwamba anaweza kuamka kabla ya alfajiri akapalilia na bado akashinda macho makavu. Alikuwa na wake wawili katika ua mmoja. Mke mkubwa alikuwa amemzalia vijana waliokwisha kuoa na kwenda zao, na kitinda mimba wao, binti mdogo ambaye hata jino la kwanza alikuwa hajang'oa. Mke mdogo alikuwa Mmatumbi, na hakuwa na mtoto.

Binti yule nilimpenda mara moja, kisha nikamwogopa. Alikimbia ukingoni mwa dungu kama panya, akacheka, akapanda ngazi, akashuka, halafu pasipo sababu akaanza kulia na kujipiga. Siku ya kwanza aliponikalia magotini niliusikia moyo wake kwenye mkono wangu unadunda kama wa njiwa aliyekamatwa. Vidole vyake vilitetemeka akishika punje ya mpunga. Mama yake aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto halali. Usiku anageukageuka na kuzungumza, mchana akisinzia anashtuka. Alikuwa amekonda hadi ushanga wa kiunoni ukawa unamshuka.

Kahawa ya nyumba ile aliipika mwenyeji mwenyewe, wala hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Aliikaanga, akaitwanga na tangawizi, akaichemsha hadi ikawa nyeusi kama oili chafu. Ilipikwa asubuhi, ikapashwa mchana, ikapikwa tena jioni, na kila jirani aliyepita alikaribishwa. Siku ya kwanza nilimaliza kikombe changu nikakirudisha kitupu. Mke mkubwa akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Umemnyima mtoto," akasema.

Sikuelewa. Mwenyeji akacheka. "Msamehe, huyu wa Kibiti. Huko kila mtu anamaliza chake. Bwana mdogo, hapa kwetu kikombe hakimalizwi. Unamwachia aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Riziki yake hiyo."

Kweli, kila aliyekunywa aliacha kidogo chini, na mama akavikusanya vilivyobaki katika kikombe kidogo cha bati, akampa binti yake. Baba aliacha, mama aliacha, majirani waliacha. Tangu siku ile na mimi niliacha. Mgeni aliyeacha kingi alisifiwa kwamba ana moyo.

Ningekuwa na akili iliyotulia ningeliona jambo pale pale. Lakini nilikuwa nimekwisha kupewa mtu wa kumshuku.

"Mtoto wangu alikuwa analala," mke mkubwa aliniambia siku moja tukipepeta mchele uani. "Analala mpaka namwamsha kwa maji. Ameingia huyu mwanamke, usingizi umetoka."

"Aliingia lini?"

"Baada ya mavuno ya mwaka jana. Na si mtoto peke yake. Ramadhani yake ya kwanza humu ndani nyumba nzima tuliumwa vichwa. Mchana kichwa kinapasuka, mume wangu anataka kumpiga hata mbuzi. Na mtoto naye, hafungi, akawa analia kichwa pamoja nasi. Miaka yote nimefunga, sijaumwa hivyo. Uliza mtu yeyote hapa. Huko milimani kwao wana vitu vyao."

Aliyasema hayo huku mke mdogo amekaa hatua chache kutoka kwetu, anasuka ukili, na sina shaka aliyasikia yote. Mikono yake haikusimama.

Niliambiwa pia kilichokuwa kinakuja. Mwenyeji alikuwa ametuma ujumbe Mbwara kwa mjomba wa mwanamke yule, yeye ndiye aliyemlea, aje Ijumaa amchukue. Hakuna aliyetamka neno talaka, lakini sanduku la mwanamke lilikuwa limekwisha kutolewa chini ya kitanda na kuwekwa karibu na mlango.

Nikaanza kumchunguza. Niliona kwamba kahawa ya nyumba haigusi. Akipewa kikombe alikipokea kwa adabu, akazungumza kidogo, akakiweka nyuma yake kikapoa. Niliona kwamba asubuhi anakwenda peke yake kwenye mahame, pale palipokuwa na nyumba za watu kabla ya maji kuwahamisha, na akirudi ana kitu amekifunga kwenye pindo la khanga. Kitu hicho alikikaanga katika kigae, akakitwanga, akakipika katika sufuria yake mwenyewe, akanywa mwenyewe. Nikajiambia, mtu anayekataa kinywaji cha nyumba anajua kilichomo. Nilikuwa na hakika kama hakimu.

Nami katika siku zile nilikuwa nakunywa kahawa ile mara tatu, mara nne kwa siku, mtu niliyezoea chai ya maji mengi. Nilikuwa nalala macho wazi kwenye dungu, nasikia kila unyasi unaovunjika, nafikiri kila mtu ana lake. Sijui ni kiasi gani cha shaka zangu kilitoka kichwani na kiasi gani kilitoka kwenye kikombe. Miaka mingi baadaye nilisoma pembeni mwa boksi la vidonge vya kichwa neno kafeini, nikamuuliza muuza dawa ni kitu gani. Akaniambia ndicho kinachokesheza watu kwenye kahawa na chai, na kwamba mwili wa mtoto unachelewa sana kukitoa. Wakati ule sikulijua neno hilo. Wala hapakuwa na mtu bondeni aliyelijua.

Siku moja nikamfuata mke mdogo. Niliwaacha ndege wale watakavyo, nikajificha kwenye kichaka karibu na mahame.

"Toka humo, kijana," akasema bila kugeuka. "Unakanyaga kama kiboko."

Nikatoka. Alikuwa ameshika matawi ya kijimti cha maua ya njano, anachuma maganda makavu membamba, anayapasua na kumwaga mbegu kwenye khanga.

"Umetumwa, au umejituma?"

"Nimejituma."

"Basi tazama, ukamwambie aliyekutuma. Mwingajini huu. Mbegu zake ndiyo kahawa yangu. Nusa."

Nikanusa. Hazikuwa na harufu ya kutisha. Nikamuuliza kwa nini hanywi ya mumewe.

"Nikiinywa moyo unanienda mbio, mikono inatetemeka, nakesha natazama makuti. Nilimwambia. Akasema mke wa kimasikini amezoea vya porini." Akacheka kidogo. "Yeye mwenyewe kakulia porini hapo hapo. Miaka ile dukani hakuna kitu, bonde hili lote kahawa yake ilikuwa hii. Walikuja kwetu kuposa, shangazi akawapikia hii, wakaisifu."

"Ya dukani walianza lini?"

"Wewe nawe. Mwaka nilioolewa. Mpunga uliuzwa, nikaposwa, na furushi la kahawa lililetwa kwa baiskeli ile ile iliyoleta sanduku langu."

Nilisimama pale nikiwa na mbegu mkononi. Kibiti nilikuwa nimelala sana kwenye mabaraza ya watu wazima, na nilijua jinsi siku za kwanza za Ramadhani wanywaji kahawa wanavyoshika vichwa na kutaniana. Mtu anafunga kitambaa kichwani kabla ya adhuhuri, wenzake wanamwambia si saumu inayokuuma, ni dele la kahawa linakuita. Pale kila mtu alijua. Bondeni hawakujua, kwa sababu kahawa yao ya miaka yote haikuwa na maumivu hayo.

"Mtoto hafungi," nikasema.

"Unasemaje?"

"Mtoto hafungi, lakini aliumwa kichwa cha wanaofunga. Mchana wa Ramadhani hapakuwa na mtu wa kumwachia kikombe."

Mke mdogo akafunga pindo la khanga yake. "Hilo usiliseme kwa kinywa changu," akasema. "Mie nikisema kosa ni la kahawa, wataniambia nimekwisha kuitia kitu na kahawa."

Nikalisema kwa kinywa changu. Nilimkuta mke mkubwa jikoni, mtoto yuko mgongoni kwake anamvuta masikio. Nilimwuliza tena habari ya Ramadhani za nyuma, akaapa tena kwamba hawakuumwa. Ndipo nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakoroga mboga.

"Kaka zake wote wameachiwa vikombe," akasema. "Wakalala kama magogo."

"Waliachiwa mwingajini, mama."

Mwiko ukasimama. Niliona amekumbuka. Halafu uso ukafunga. "Huyo mwanamke amekulisha nini?"

"Hajanilisha kitu."

"Na wewe shule umesoma mpaka wapi, hata uyajue ya matumbo ya watoto?"

"Darasa la tano."

"Enhe," akasema, kana kwamba hilo limethibitisha kila alichokishuku.

Lakini kesho yake, kabla umande haujakauka, nilikuwa juu ya dungu nikamwona mke mkubwa anakwenda mahameni. Hakumwomba mwenzake hata mbegu moja. Alikwenda mwenyewe, akachuma mwenyewe, akakaanga mwenyewe mlango umefungwa. Kwa kuwa kikombe cha bati alikishika yeye, haikuwa vigumu. Vikombe viliporudi vina mabaki, aliyamwaga jivuni akiwa ametupa mgongo, akajaza kile cha bati kahawa ya mwingajini, akampa mtoto. Mumewe hakuona kitu.

Siku hiyo mtoto alizidi. Ilipofika adhuhuri alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, analia kwa sauti nyembamba, akatapika uji wote. Mama yake alikuja hadi chini ya dungu akasimama ananitazama tu. Nilimwambia, "Ni kile kile cha Ramadhani, mama. Kitapita." Akageuka akarudi kwa mtoto. Nilifikiri kuondoka saa ile ile, na shati langu nilikwisha kulikunja. Kilichonizuia ni kwamba nilitaka kujua. Nami mwenyewe nilianza kuogopa kwamba labda nimekosea, labda mke mdogo amenichezea mimi kama alivyowachezea wao.

Mwenyeji akasema mbele ya majirani, "Mnaona? Mtu wake anakaribia kuja, ndipo mtoto anazidi. Anaaga huyo."

Mke mdogo alikuwa anakunja nguo zake.

Siku chache baadaye, Ijumaa baada ya sala, mjomba alifika kwa baiskeli, kamba imezungushwa kwenye keria kwa ajili ya sanduku. Alikuwa mzee mfupi, kofia yake safi, akakaa mkekani na kukataa kuegemea. Mwenyeji alikaa mbele yake. Mimi nilikuwa pembeni natwanga, kwa kuwa hakuna aliyenifukuza.

"Mkwe," akaanza mwenyeji, "mie sina neno baya na mpwa wako."

"Kama huna neno baya, mbona sanduku liko nje?"

"Nyumba yangu imekosa usingizi."

"Ulipokuja kwetu uliomba mke," akasema mjomba. "Kama ulikuwa unatafuta usingizi ungesema, tungekupa bibi yake. Yule haamki hata akipigiwa ngoma."

Jirani mmoja akacheka, akajizuia. Mwenyeji akaanza kuhesabu mambo: vichwa vya Ramadhani, mtoto kukonda, sufuria ya mwanamke ya peke yake. Sauti ikapanda. Mjomba naye akapandisha yake, akauliza ni nani aliyeona kitu kwa macho, akauliza kama kwa watu wa bonde mwanamke anashtakiwa kwa kupika. Walikuwa wamefikia kukatana maneno, wawili wanasema kwa pamoja, mtoto alipotoka ndani. Hakukimbia. Alikuja polepole, akapita katikati yao, akajilaza mkekani na kuweka kichwa kwenye paja la baba yake. Waliendelea kubishana. Baada ya muda mdomo wa mtoto ulifunguka na mate yakamtoka kwenye msuli wa baba.

Wa kwanza kuona alikuwa mjomba. Akanyamaza. Mwenyeji akaendelea peke yake maneno machache, akasikia sauti yake imebaki yenyewe, akatazama chini.

Jirani mmoja akakohoa, na mtoto hakushtuka.

"Amelala," mke mkubwa akasema akiwa mlangoni. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Nadhani lingekuwa jambo rahisi kwake kunyamaza. Sanduku lilikuwa nje, baiskeli imekuja, na kamba ilikuwapo. "Jana pia alilala, ukadhani ni homa. Amelala, na huyu mwanamke bado yumo humu ndani."

"Umempa nini?" akauliza mumewe.

"Nimemwachisha kahawa yako."

"Kahawa? Kaka zake wote..."

"Kaka zake walikunywa mwingajini. Unajua. Ulikuwa unaukaanga mwenyewe."

Mikono ya mwenyeji ilitaka kijiti cha kuvunja lakini haikuweza kusogea kwa sababu ya mtoto. Hakuomba radhi, na sikumwona mtu yeyote akingoja aombe.

"Mkwe," akasema hatimaye, kwa sauti ya chini, "utakula kwanza. Halafu utarudi salama, utusalimie nyumbani."

Mjomba akamtazama mpwa wake. Mwanamke akainuka, akachukua sanduku lake kwa mikono miwili, akalirudisha ndani. Tukasikia likiburuzwa chini ya kitanda.

Tulipokwisha kula mwenyeji akaniita kando. "Na nani aliyewatia akili hizi za mwingajini?" Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa chumbani kwa watu. "Ndege wamekwisha, kijana. Mpunga tunavuna."

Ndege walikuwa bado wengi. Lakini nilimwelewa. Nilichukua shati langu. Mke mkubwa alinifungia wali kwenye jani la mgomba, akanipa bila kunitazama machoni, na nikajua kwamba hata yeye, mtoto wake akiwa amelala, bado anajiuliza nilijuaje.

Mjomba alikuwa anafungua kamba kwenye keria. "Iko tupu," akasema. "Ilikuwa ya sanduku. Panda kama huna pa kwenda."

Njia ya Mbwara ilikuwa ya mchanga, na kwenye milima midogo nilishuka nikasukuma. Bila kugeuza kichwa, mjomba akauliza:

"Ulikuwa unamtaka mpwa wangu?"

"Hapana, mjomba."

"Walikulipa?"

"Hapana."

"Sasa ulijisumbulia nini?"

"Nilitaka kujua."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Akakanyaga pedali. Mgongo wake uliniambia haamini.

Tulifika jua likiwa bado juu ya mikorosho. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya nyumba, khanga mpya begani, na alipotuona aliteremka hatua mbili kutupokea. Akanitazama mimi kwenye keria, akatazama nyuma yetu njiani.

"Yuko wapi?"

"Amebaki," akasema mjomba.

"Amebaki vipi?"

"Amebaki kwa mumewe. Sanduku limerudi ndani."

Mama yule alikaa kwenye kizingiti, akajipangusa uso kwa ncha ya khanga, akasema alhamdulillahi zaidi ya mara moja. Halafu akainua kichwa kwangu. "Na huyu?"

"Huyu hana pa kulala."

Akanipima kuanzia miguu. "Basi aingie kile chumba cha uani," akasema. "Kimekwisha kufagiliwa."

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi mno kwa mtu kama mimi. Sakafu ilikuwa imesilibwa upya, bado ina ubaridi wa maji. Kitanda kilikuwa kimesukwa kamba mpya, na juu yake kuna shuka lenye maua, na kwenye kona mtungi uliofunikwa kwa kata. Ukutani palikuwa na kamba ya kutundikia khanga. Nikatundika shati langu, likaning'inia peke yake katikati.